Sudusi ya nini? Msaidizi wa sheria, mirathi ya Wete na mtihani aliofaulu

Nilikwenda Wete, kisiwani Pemba, kukagua wanafunzi waliokuwa fildi, nikarudi na karatasi moja ya daftari ambayo mpaka leo naitumia darasani. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandaa hati, kila tarakimu imekaa chini ya mwenzake. Jumla yake iko sawasawa. Nimeihakiki mara tatu na hata shilingi moja haikupotea. Lakini kila mwanamke aliyetajwa kwenye karatasi ile kapunjwa, na kila mwanamme kazidishiwa.

Mwenye mwandiko ni mwanafunzi wangu. Nilimsomesha utangulizi wa hisabati katika mwaka wake wa kwanza wa stashahada ya usaidizi wa sheria, kwenye chuo kimoja hapa Unguja. Yeye na familia inayohusika wameridhia nikieleze kisa, kwa sharti kwamba nibadilishe viwango vya fedha na mambo mawili matatu ili wasijulikane. Nimebadilisha. Kosa nimeliacha kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu mimi katika kosa hilo, ambayo si ndogo.

Kwa asiyejua, wasaidizi wa sheria hapa visiwani si jambo la jana. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992 na kimewafundisha wengi, wanaume kwa wanawake, wakarudi katika shehia zao. Baadaye ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, Nambari 13 ya 2018, na kazi yao ikapata mahali katika sheria. Msaidizi wa sheria si wakili. Hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala hatoi hukumu. Anaeleza, anaelekeza, anasaidia kuandika, anampeleka mtu panapostahiki. Kijijini, hata hivyo, mstari huo hauonekani vizuri. Aliyesoma ni aliyesoma.

Barazani, baada ya Alasiri

Marehemu alikuwa mkulima wa karafuu. Ameacha mke, mama yake mzazi, vijana wawili wa kiume na mabinti watatu, wote wa mke huyo mmoja. Baba yake alikwisha kutangulia. Nyumba wanayokaa ni ya bibi, yaani mama wa marehemu, kwa hiyo haimo. Mali ni shamba. Lilikuwa la kununua na lina karatasi zake. Si eka tatu walizogawiwa watu na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, maana hapo tungekuwa na kisa kingine kabisa.

Warithi waliona wasilikate shamba vipande. Mikarafuu haigawiki kama mkate: kuna mkongwe unaozaa pishi kwa pishi na kuna mche wa juzi, kuna mwaka wa neema na kuna mwaka mti unapumzika. Wakamuuzia binamu yao kwa shilingi 18,600,000. Ndani mlikuwa na 2,400,000 za karafuu zilizokwisha kuuzwa. Jumla 21,000,000.

Na madeni yalikuwepo. Shilingi 2,000,000 marehemu alimkopa rafiki yake alipoletwa Unguja kutibiwa. Maziko yalikula 700,000. Na mahari ya mke, 1,500,000, ambayo iliahidiwa siku ya ndoa na haikutolewa hata siku moja. Hiyo nayo ni deni kama madeni mengine, ingawa wanaume wengi wa kwetu huihesabu kama salamu. Jumla ya madeni 4,200,000.

Aliyeitisha kikao ni ndugu wa marehemu, ami yao vijana. Kwa kuwa marehemu ana watoto wa kiume, ami harithi kitu, na ndiyo maana wote walimwamini. Mwanafunzi wangu ni jirani yao, yuko nyumbani kwa fildi, akaitwa.

Nimemtaka anisimulie kikao kile zaidi ya mara moja, na kila mara anaanza na nani alikaa wapi. Kwenye baraza: ami, vijana wawili, sheha, na yeye mwenyewe pembeni na daftari lake. Mjane alikuwa ndani, kizuka, mwezi wa tatu wa eda; eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mabinti walikuwa ndani na mama yao. Bibi, ambaye miguu haimpi tena, alilala ukumbini, mlango umerudishwa nusu.

"Mwanangu," ami akasema, "wewe umesoma. Tuandikie kila mtu chake, tusije tukatoana macho."

"Ami, mimi sigawi mirathi. Mwenye kugawa ni Kadhi."

"Tunajua. Wewe tuandikie mfano tu."

Akaandika mfano. Ijumaa yake fedha zilikuwa zimeshagawiwa kwa mfano ule, kila mtu na bahasha yake.

Karatasi yenyewe

Mafungu aliyajua. Mke akiwa na watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Mama, mwanawe akiwa ameacha watoto, hupata sudusi, yaani moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Hapa hakukosea hata chembe. Haya kayahifadhi tangu chuoni, na kwetu mtoto akisema "chuoni" anakusudia chuo cha Kurani, si chuo chetu sisi cha vyeti na ada.

Alianza na 21,000,000. Akatoa thumni ya mke: 2,625,000. Zikabaki 18,375,000. Katika hizo akatoa sudusi ya mama: 3,062,500. Zikabaki 15,312,500. Watoto wana mafungu saba, kwa kuwa vijana wawili ni manne na mabinti watatu ni matatu. Akagawa kwa saba: fungu moja 2,187,500. Kila binti fungu lake, kila kijana 4,375,000.

Kisha akakumbuka madeni. Warithi ni watu saba: mke, mama, vijana wawili, mabinti watatu. Akazigawa zile 4,200,000 kwa saba na kumkata kila mmoja 600,000. Mke akaondoka na 2,025,000, mama na 2,462,500, kila kijana na 3,775,000, kila binti na 1,587,500. Jumlisha: 16,800,000 kamili, ambayo ndiyo 21,000,000 ukitoa madeni.

Hebu tazama hizo saba mbili. Moja ni saba ya mafungu ya watoto, nyengine ni saba ya vichwa vya warithi. Zimegongana kwa bahati tu, na kugongana huko kukaifanya karatasi ionekane nadhifu kuliko ilivyo. Mimi mwenyewe nilipoiona mara ya kwanza, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai mkononi, nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Najuta kulisema hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliyeikataa ni bibi, ambaye kusoma tarakimu hajui. Alimwita mwanafunzi wangu, yule binti mwenye mwandiko, ndani, mimi nikiwepo, bahasha iko juu ya mto.

"Sudusi yangu hii umeitoa wapi, mwanangu? Kabla ya mkwe wangu au baada ya mkwe wangu?"

"Baada, bibi. Kwanza nimemtoa mke."

"Basi umenipa sudusi ya mabaki. Aya haikusema mabaki."

Akaagiza karafuu kavu. Mjukuu akaleta kwenye kiganja. Bibi akazipanga juu ya mkeka kwa kucha, moja moja, mpaka zikatimia ishirini na nne. "Hii ndiyo mali yote, madeni yamekwisha kutoka." Akasogeza tatu upande wa chumbani kwa mkwewe. Akasogeza nne kwake. Akazihesabu zilizobaki, kumi na saba, akazisukuma mlangoni. "Hizo za wajukuu zangu. Sasa niambie, kwangu mimi zimebaki ngapi kwenye karatasi yako?"

Binti hakujibu. Nilimwona anahesabu midomo ikicheza, halafu akaacha.

Kosa liko wapi khasa

Aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa zinasema sudusi na thumni ni za kile alichokiacha marehemu, na kwamba hayo ni baada ya wasia au deni. Maneno hayo mwanafunzi wangu anayasoma kwa tajwidi. Ndani yake mna jawabu la swali ambalo hisabati ya sehemu, kama nusu na robo, husimamia juu yake: ya nini? Thumni peke yake si kitu. Thumni ya milioni ishirini na moja ni fedha moja, thumni ya milioni kumi na sita na laki nane ni nyengine, na thumni ya mabaki baada ya mtu mwengine ni ya tatu.

Alikosea mara mbili, na makosa mawili yale yalipita njia tofauti.

La kwanza ni kutoa sudusi katika mabaki. Kipimo chepesi cha kulijua ni kugeuza zamu. Anza na mama badala ya mke: mama atapata sudusi ya 21,000,000, yaani 3,500,000, na mke atashuka mpaka 2,187,500. Mgao ambao jawabu lake linabadilika kwa sababu ya nani kaitwa kwanza una kasoro, huhitaji kujua zaidi ya hapo. Watoto kwao zamu haina maana, wanapata kile kile, na kila mara wanapata zaidi ya haki yao. Thumni na sudusi za mali yote ni saba katika ishirini na nne. Zinabaki kumi na saba, ambazo ni sawa na 34 katika 48. Kwa njia ya binti yule zinabaki 35 katika 48. Hiyo moja ya ziada, kwa mali ile, ni shilingi 437,500, na yote imetoka kwa bibi.

La pili ni kuyagawa madeni kwa vichwa. Deni linatoka kwenye mali kabla mali haijawa ya mtu. Ukilitoa mwanzo, kila mrithi amelibeba kwa kadiri ya fungu lake bila mtu kutaja jina lake: mke angebeba 525,000, bibi 700,000, kila kijana 850,000, kila binti 425,000. Kwa karatasi ile kila mmoja alibeba 600,000. Binti anayerithi nusu ya kaka yake alilipa deni sawa na kaka yake. Na mjane aliyekaa nyuma ya pazia alikatwa 75,000 zaidi ya kadiri yake katika deni ambalo zaidi ya theluthi yake ni mahari yake mwenyewe.

Hesabu sahihi ni hii. Toa 4,200,000 mwanzo, zinabaki 16,800,000. Mafungu ni ishirini na nne, lakini kumi na saba haigawiki kwa saba, basi zidisha: ishirini na nne mara saba ni 168, na fungu moja ni laki moja. Mke 21, mama 28, kila kijana 34, kila binti 17. Yaani 2,100,000, 2,800,000, 3,400,000, 1,700,000. Ukilinganisha na bahasha, mke kapungukiwa 75,000, bibi 337,500, kila binti 112,500, na kila kijana kazidishiwa 375,000. Hakuna aliyekusudia. Mwandishi mwenyewe ni mwanamke, na akiulizwa kilichomleta kwenye kozi hii husema ni mashamba ya mama zake yaliyopotea kwa namna hii hii.

Mtihani

Niliporudi Unguja nilikwenda kwenye kabati la mitihani. Swali la kwanza, kipengele (a), mwaka aliofanya yeye: tafuta 1/8 + 1/6. Kaandika 3/24 + 4/24 = 7/24. Nimempa alama zote, tiki nyekundu kubwa.

Kwa maana hiyo karafuu za bibi zilikuwemo katika karatasi ya mtihani. Tatu, nne, saba katika ishirini na nne. Alijua kujumlisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza zile ni ishirini na nne za kitu gani, na asiyemuuliza ni mimi.

Somo letu lile halikutungwa kwa ajili ya watu wa sheria. Lilikuwa la wanafunzi wa biashara, tukalihamisha kama lilivyo kwa sababu mtaala ulitaka somo la hisabati na mwalimu alikuwepo. Sehemu zilipewa saa mbili katika wiki ya kwanza, "kukumbushana tu", kisha tukakimbilia milinganyo, riba na wastani. Nusu ya darasa walikuwa wameanguka Hisabati kidato cha nne, wameingia kwa nguvu ya Kiswahili, Historia na Maarifa ya Uislamu. Wakiniuliza, "Mwalimu, sisi watu wa sheria, x itatufaa nini?" nilikuwa nawajibu kwamba hisabati inafungua akili. Ni jibu la mwalimu mvivu. Nilipaswa kuwaambia kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtu wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye aljebra tunayoisoma imetokana naye, alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake kutatua masuala ya wasia na mirathi. x ilifika kwa Kadhi zamani sana kabla haijafika kwenye ubao wangu.

Jengine aliniambia binti mwenyewe, tukirudi kwa miguu kutoka kwa bibi. Sehemu skuli kasomeshwa kwa Kiingereza. Mirathi chuoni kasomeshwa kwa Kiarabu na Kiswahili cha sheikh. Nyumbani kakua akisikia wazee wakiita senti hamsini thumni. Kwake yeye vitu hivi vitatu havijawahi kukutana. "Moja ya nane" ilikuwa jambo la mtihani, "thumni" jambo la dini. Na sisi lugha yetu ina nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni, majina ya sehemu yaliyo tayari, na mengi yake ni mafungu ya mirathi yenyewe! Nimesomesha miaka bila kuyatumia.

Mwenzangu mmoja anayefundisha sheria anaona nimelipindisha. Kwake kosa si la hesabu, ni la mipaka: binti hakupaswa kushika kalamu. Mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar ni ya Mahakama ya Kadhi, na ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambako familia zinakwenda kugawiwa kwa utaratibu. Anasema mfano ukishaandikwa kwa majina ya warithi wa kweli na fedha za kweli, si mfano tena. Hapo nakubaliana naye kabisa, na binti naye amekubali. Sasa akitakiwa mfano anaandika "mali ni ishirini na nne" na hataji shilingi wala jina.

Lakini mipaka pekee haitoshi. Chukulia angewapeleka kwa Kadhi siku ile ile na karatasi ikatoka huko. Wangerudi nayo kwake. Mjane angetoka eda, angekuja na karatasi imekunjwa ndani ya kanga na kumuuliza, "Mwanangu, hii ndiyo haki yangu?" Hiyo ndiyo kazi aliyosomea, na hawezi kuijibu asiyeweza kuuliza ya nini. Ataisoma jumla, ataiona inaoana, atamwambia mama wa watu nenda kwa amani.

Mwaka uliofuata nilianza somo na kete za bao. Ishirini na nne mezani, kila kundi. Wiki tatu nzima hatukutoka kwenye sehemu. Tulipomaliza kesi nyepesi nikawapa ile inayovunja meza: mtu kaacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mke kete tatu, baba nne, mama nne, mabinti thuluthi mbili, yaani kumi na sita. Jumla ishirini na saba, na kete ni ishirini na nne. Kelele zilizuka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Mmoja akasema lazima kuna mtu hastahiki, mwengine akataka kumpunguza mke kwa kuwa "yeye si damu". Niliwaacha wabishane, kisha nikawaeleza jawabu linalopokewa kuwa Ali bin Abi Talib alilitoa akiwa juu ya mimbari: thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Mafungu hayabadiliki uwiano wake, mali ndiyo inakatwa vipande ishirini na saba badala ya ishirini na nne, na kila mtu anapungua kwa kadiri yake. Mke anapata tatu katika ishirini na saba. Mwanafunzi wa nyuma kabisa, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyanyua mkono, akauliza: "Kwa hiyo anapungua na yeye na wao, wote sawa?" Nikamwambia aje mbele apige hesabu mwenyewe.

Fedha zilivyorudi

Binti alikwenda kwa ami kabla ya jua kuchwa na kumwambia kakosea. Nilimwambia ningekwenda naye, akakataa. Ami alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama na yeye anarudishwa kitu. Akaambiwa yeye hakuwa na kitu tangu mwanzo. Akacheka, na hilo lilisaidia.

Walikwenda kwa Kadhi wa Wilaya, wote safari hii, isipokuwa mjane ambaye eda yake ilikuwa bado na bibi ambaye miguu haimruhusu. Mafungu yalitoka kama karafuu zilivyosema. Kaka mkubwa alirudisha 375,000 zake palepale. Wa pili alikwisha kuzitia kwenye pikipiki ya bodaboda, akaomba angojewe mpaka karafuu za vuli, kwa kuwa huwa anachuma kwa kibarua kwenye mashamba ya watu.

Bibi aliagiza waanziwe wajukuu wa kike. Kila mmoja akapata 112,500 yake, zikabaki 37,500, akapewa mkwewe, ambayo ni nusu ya haki yake iliyokuwa nje. Yake mwenyewe akasema itangoja. Kwa hiyo kijana wa pikipiki anadaiwa 37,500 na mama yake na 337,500 na bibi yake. Ya mama kailipa ndani ya mwezi mmoja.

Mara ya mwisho nilipompigia bibi simu kumjulia hali, alikuwa amepokea laki moja kutoka kwa mjukuu huyo. Akaniuliza kama laki hiyo ni katika zile laki tatu na ushei, au ni mkono wa mjukuu kwa bibi yake tu. Nikamwambia, "Bibi, muulize mwenyewe." Akasema atamuuliza, lakini kwanza ataila.